Barua za Paciano kwa mdogo wake

Jamani barua za familia ya José Rizal, yule mwandishi na shujaa wa taifa la Ufilipino, zinanigusa sana. Mwaka 1882 anaondoka Ufilipino, enzi hizo ni koloni la Wahispania, anaenda kusoma Madrid bila wazazi kuambiwa, kaka yake Paciano alikuwa kati ya wachache waliojua na ndo huyo huyo alikuwa anamtumia hela kutoka Calamba, mji wa kwao. Barua zinaenda kwa meli, wiki na wiki unasubiri tu. Kaka anamwandikia wazi kabisa kwamba udaktari sio lengo kuu la safari, kuna mambo yenye faida zaidi, hebu fikiria kuandika hivyo chini ya mkoloni! Baadaye zikaja habari za ugomvi wa ardhi na mapadri wa Kidominika, ndugu wanafukuzwa, 1890 Rizal akatoka Brussels kwenda Madrid kuwatafutia haki na hawakuipata.