Siku moja maishani mwangu: kununua na kuuza magari yaliyotumika Mombasa

Saa kumi na mbili asubuhi

Kazi yangu huanza kwa simu. Baada ya swala ya alfajiri ninasoma ujumbe wa madalali walioko Changamwe, Bombolulu, Likoni na Mtwapa, na kila mmoja ana gari ambalo kwa maneno yake halina tatizo lolote. Picha za gari lililooshwa haziniambii mengi, kwa hiyo ninawauliza maswali yaleyale: gari ni la mwaka gani, injini ni ya ukubwa gani, jina lililo kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, ni la nani, na kwa nini linauzwa. Dalali akishindwa kujibu swali la tatu, siendi kuliona.

Mimi si mwagizaji. Ninanunua magari ambayo tayari yako barabarani humu nchini, kutoka kwa wenyewe, ninayatengeneza na kuyauza. Wenzangu ambao biashara yao huanzia Japani na kupitia bandari ya Kilindini wanahitaji mtaji mkubwa zaidi, na sheria zao ni nyingine. Gari la kuingizwa Kenya sharti liwe na usukani upande wa kulia na lisiwe limezidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kama kinavyoagiza kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango, KEBS. Likifika, hutozwa ushuru wa forodha, ambao Julai 2023 ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35, kisha ushuru wa bidhaa ambao kwa magari mengi ya petroli ni asilimia 20 ikiwa injini haizidi cc 1500 na asilimia 25 ikizidi hapo, na baadaye VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inayokokotolewa baada ya ushuru huo wote kujumlishwa kwenye thamani ya gari. Ndiyo maana magari ya Kijapani kama Fielder, Axio na Demio yenye injini ndogo yamejaa barabarani, na ndiyo maana mtu aliyekuwa amepanga kuagiza gari sasa huja kwetu kutafuta lililokwisha kutumika hapa. Wenye magari nao wameshang'amua hivyo na kupandisha bei. Nafasi ya faida iliyobaki katikati ni finyu kuliko watu wanavyodhani.

Saa moja asubuhi

Niko Tudor, nyumbani kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini, anayeuza Fielder ya mwaka 2014. Nilimwomba jana asiliwashe gari kabla sijafika, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto huficha maradhi mengi. Nilimwamkia, akanikaribisha chai, lakini kwanza niliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi. Gari liliwaka mara moja, bila mlio wa cheni, na moshi wa buluu, ambao ungeonyesha kwamba oili inaungua, haukutoka.

Mambo yalibadilika nilipofika kwenye mikanda ya usalama. Katika magari haya ya Kijapani, kila mkanda una kitambulisho kidogo cha kitambaa karibu na sakafu, chenye tarehe ya kutengenezwa. Mikanda mitatu ilikuwa ya mwaka mmoja na gari lenyewe. Wa abiria wa mbele ulikuwa mpya kwa miaka minne. Nikafungua boneti tena, nikaangalia bolti za bawaba na za mabawa ya mbele. Upande wa kulia rangi ilikuwa imefunika bolti kama ilivyotoka kiwandani, lakini upande wa kushoto pembe za bolti zilikuwa zimechubuliwa na spana. Hapo sikuwa na shaka kwamba gari liligongwa ubavu wa kushoto, pigo la kutosha kufanya mkanda ubadilishwe.

"Mzee wangu," nilimwambia, "hili gari liliwahi kupata ajali upande huu?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kijana wangu alilipiga pale Kibarani, mwanangu, lakini likatengenezwa vizuri. Sikudhani ni jambo la kusema."

Simlaumu, na siamini kwamba alikusudia kunificha. Wauzaji wengi huona kwamba kilichotengenezwa kimekwisha. Kwangu mimi hakijaisha mpaka nijue kama chasisi ilipinda, kwa kuwa gari lililopinda hula tairi upande mmoja, na mnunuzi wa kesho ataliona hilo hata kama mimi sikuliona leo.

Saa tatu asubuhi

Kwa idhini ya mzee, tulilipeleka gari kwa fundi wangu Changamwe, mahali penye shimo la kukagulia, maana gari la pwani haliwezi kukaguliwa kwa kuinama tu. Hewa ya chumvi hula chuma polepole, na Tudor iko ukingoni mwa maji. Fundi alishuka shimoni na bisibisi na tochi, akawa anagonga sehemu moja baada ya nyingine: fremu inayobeba injini, mabomba ya breki, ekzosi, kingo za ndani za matairi. Chuma kizima hulia, na kilichooza hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi na kuacha maganda mekundu mkononi. Ekzosi ilikuwa imeliwa karibu na kiungo cha mwisho na bomba moja la breki lilikuwa na kutu ya juujuu. Chasisi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikinitia wasiwasi, ilikuwa imenyooka.

Kisha tulilichunguza gari kwa kompyuta. Mita ilisoma kilomita 112,000. Sikuiamini wala sikuikataa, kwa sababu kurudisha kilomita nyuma ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa, na huu ni udanganyifu unaowaumiza wanunuzi wengi katika biashara hii. Nililinganisha na vitu visivyorudishwa kirahisi: mpira wa kanyagio la breki, ngozi ya usukani, na stika ya kubadilisha oili iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango, ambayo ilikuwa na kilomita 109,500 na tarehe ya miezi michache nyuma. Vyote vilikubaliana.

Saa tano asubuhi

Ukaguzi wa gari ukiisha, huanza ukaguzi wa karatasi, na hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Fundi anaweza kuokoa injini mbovu, lakini umiliki wenye kasoro hauokolewi na spana. Niliomba rekodi ya gari katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na majina yakatoka mawili: la mzee na la benki. Gari linalonunuliwa kwa mkopo husajiliwa kwa jina la mnunuzi pamoja na mkopeshaji, na mkopo ukilipwa jina la mkopeshaji haliondoki lenyewe. Mzee alimaliza deni lake zamani, na stakabadhi anayo, lakini hakuna aliyemwambia kwamba kuna hatua nyingine. Sasa itabidi aende benki apate barua ya kuondoa dai lao na wathibitishe uhamisho kwenye mfumo.

Tulikubaliana bei papo hapo, tukapunguza gharama ya ekzosi na thamani iliyopotea kwa ile ajali, lakini sikumpa hata senti. Wakili ataandika mkataba, na malipo yatafanyika siku ambayo jina la benki litaondoka. Kuna wenzangu ambao wangelipa nusu ili wasipokonywe gari. Mimi ninaona ni afadhali nilikose gari kuliko fedha yangu iingie kwenye mali ambayo mwenyewe bado hawezi kuihamisha.

Ningependa kusema jambo hapa kuhusu uhamisho wenyewe, kwa kuwa mtindo uliozoeleka mjini unanisikitisha. Wafanyabiashara wengi hawahamishi gari kuja kwa jina lao; humwacha muuzaji wa kwanza akisubiri mpaka apatikane mnunuzi wa mwisho, ili ada ilipwe mara moja tu. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake ndiye huhesabiwa mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maana yake ni kwamba gari likigonga mtu au likitumiwa kwa uhalifu wakati liko yadini kwangu, polisi watabisha mlango wa mzee wa Tudor. Sitaki kumfanyia hivyo mtu aliyenipa chai nyumbani kwake. Ninalipa ada mara mbili, na ninaihesabu kuwa sehemu ya bei ya kununua.

Saa saba mchana

Swala, kisha wali wa nazi na samaki Mwembe Tayari, kwa haraka.

Saa nane mchana

Nilipitia kwa mpaka rangi. Kuna Axio yangu inayosubiri bampa, na ilibidi nimkataze asiijaze paki, ile rojo ya kuzibia mashimo, kwenye tundu la kutu lililo chini ya mlango. Paki hufunika kutu kwa miezi michache tu, na anayelipia baadaye ni mtu aliyeniamini. Chuma kilichooza kikatwe na kiungwe kipya. Kazi itachukua siku mbili zaidi, na gari lililolala halileti chochote, lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Saa kumi alasiri

Mnunuzi wa Demio alifika yadini Bombolulu akitoka Kwale, muuguzi, akiwa ameandamana na ndugu yake ambaye ni fundi. Nilifurahi kumwona na fundi, kwa sababu mnunuzi aliyeshauriwa na mtu wake halalamiki baadaye. Kabla hawajaanza kukagua nilimwambia mambo matatu: kwamba mlango wa nyuma ulipakwa rangi upya, kwamba shokamzoba za mbele na bushi ni mpya na risiti zake zipo, na kwamba tairi mbili za nyuma bado zina kashata, ile michoro ya mpira inayoshika barabara, lakini zimezeeka. Nilimwonyesha tarakimu nne zilizo ubavuni mwa tairi, 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata ikiwa nzuri watu huridhika, lakini mpira hukomaa na kupasuka hata kama haukutembea, hasa kwa jua letu hili.

Ndugu yake aliliendesha mpaka Daraja la Nyali na kurudi, akachomeka kifaa chake, akaingia chini ya gari. Waliomba nipunguze 20,000, nikapunguza 15,000, tukaafikiana kwa shilingi 745,000. Kiasi kama hicho hakiendi kwa M-Pesa kwa mkupuo mmoja, kwani kikomo cha muamala ni shilingi 250,000, kwa hiyo alituma kutoka benki. Tulikaa na soda tukisubiri. Ujumbe wa simu ulioonyeshwa na mlipaji si malipo. Malipo ni fedha iliyokwisha kuonekana katika akaunti yako, na dada huyo alinielewa vizuri nilipomweleza kwamba kanuni hii ndiyo ninayoifuata kwa kila mtu. Zilipoingia nilianzisha uhamisho kwenye eCitizen, naye akaukubali kwa akaunti yake tukiwa tumeketi pamoja. Kisha nikamkabidhi funguo zote mbili.

Saa mbili usiku

Hesabu, kwenye daftari langu. Demio niliinunua kwa 640,000, na mtu akisikia imeuzwa 745,000 atasema nimepata 105,000. Dalali alichukua 10,000. Shokamzoba na bushi zilikula 26,500, tairi mbili za mbele 14,000, rangi ya mlango na bampa 9,000, kusafisha ndani 4,000. Bima na ada za uhamisho ni 8,500, na yadi pamoja na mlinzi 6,000, kwa kuwa gari lilikaa zaidi ya mwezi. Jumla ni 78,000. Ukiondoa na 3,000 za riba ya mkopo wa sacco uliokuwa sehemu ya mtaji, kinachobaki mkononi ni 24,000, na katika hizo kuna mafuta ya kwenda na kurudi na kodi ya mapato. Lingekaa mwezi mwingine ningeongeza yadi na riba, na pengine ningelazimika kushusha bei.

Vijana wanaoniuliza wanaingiaje kwenye biashara hii huwa ninawapa daftari hili wasome kabla sijawapeleka kuona gari lolote. Kesho mzee wa Tudor anakwenda benki, na nimemwahidi kuandamana naye, kwa sababu barua anayohitaji inapaswa kutaja namba ya chasisi na namba ya usajili kama zilivyo kwenye rekodi, na nimeshaona barua kama hizo zikikataliwa kwa kosa la herufi moja.