Mali ya Mjerumani ilivyonirudisha kwenye vitabu vya historia

Shuleni historia niliifaulu kwa kukariri. Mkutano wa Berlin 1884, Majimaji 1905, mtihani ukiisha na mwaka unafutika kichwani. Kilichonirudisha nikiwa mtu mzima, hapa Dodoma, ni uvumi wa mali ya Mjerumani.

Aliyeishi Kanda ya Kati anaujua. Eti Mjerumani alipokimbia Vita ya Kwanza ya Dunia alifukia masanduku ya dhahabu na rupia, fedha ya enzi zake, chini ya miamba, akaweka alama ili siku moja arudi kuyachukua. Fundi mmoja ninayemfahamu simu yake imejaa picha za mawe, na kila mkwaruzo kwake ni mshale unaoelekeza mahali. "Kaka, hii si bure," huniambia. Sikutaka kubishana naye, maana mtu aliyekwisha kununua sururu habishiki. Nikauchukua uvumi wenyewe, nikaukatakata kuwa maswali: huyo Mjerumani aliondoka lini, akapita wapi, na mfukoni alikuwa na nini?

Hapo ndipo raha ilipoanza. Ukiwa na swali la namna hiyo, kitabu kinene hakikutishi. Unaanzia nyuma, kwenye faharasa, unatafuta Kondoa, Dodoma, Tabora, unasoma kurasa hizo tu. Baadaye unajikuta umesoma na zilizobaki. Nilianzia maktaba ya mkoa, nikaendelea kwa kuazima kwa walimu wastaafu, ambao ukiwaamkia vizuri na ukarudisha kitabu kwa wakati hawakunyimi kitu.

Tarehe zilinijibu mapema. Wanajeshi wa Afrika Kusini, waliopigana upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer, waliingia Kondoa Aprili 1916. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alijaribu kuwang'oa, akashindwa, na mwishoni mwa Julai Dodoma na reli yake ikawa mikononi mwao. Lakini Wajerumani hawakutawanyika kama kuku walioona mwewe. Walirudi nyuma wakipigana, wakavuka hadi Msumbiji, na Lettow-Vorbeck alisalimu amri Novemba 1918 kule Abercorn, Zambia ya leo. Jeshi lenye miaka miwili zaidi ya kupigana linahitaji kila rupia liliyo nayo.

Na hizo rupia zenyewe zilikuwa haba. Meli za Uingereza zilifunga pwani, fedha kutoka Ujerumani zikakatika. Serikali ikachapa noti humuhumu nchini, na mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikawa inatengeneza sarafu: heller 5 na heller 20 za shaba (heller ni kama senti, mia moja kwa rupia), kisha sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na mlima nyuma yake. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Zilitoka kama 16,000 hivi. Kwa hiyo dhahabu ya Mjerumani ilikuwepo kweli, ila ilikuwa dhahabu ya serikali iliyobanwa, na ilitengenezwa ili itumike. Nilimweleza fundi haya yote. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Hiyo ya tembo inauzwa bei gani?"

Baada ya kusoma, nikaenda kuona miamba yenyewe, ile yenye michoro ya kale huko Kolo, Kondoa. Basi la Babati linakushusha Kolo, barabara ni ya lami, unajiandikisha kwenye ofisi ya mambo ya kale na kupewa mwongoza wageni. Njia ya kupanda inatoa jasho, vaa viatu vya maana. Juu kuna michoro myekundu ya watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, twiga, tembo, pofu. Rangi yake inatokana na udongo mwekundu wenye chuma, si damu kama wengine wasemavyo. Waliochora ni wawindaji wa kale, ambao Wasandawe na Wahadzabe wanahusishwa nao. Michoro myeupe ni ya baadaye, ya wakulima na wafugaji. Waakiolojia Mary Leakey na mumewe Louis walifanya kazi huko mwaka 1951, na UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna mchoro mmoja nilikaa nao sana: mtu wa katikati ameshikwa huku na huku. Mary Leakey aliona mwanamke anatekwa. Watafiti wa baadaye wakaona ngoma ya kupandisha mizimu. Mimi bado naegemea ngoma.

Huko Kolo pia, kwenye pango la Mungomi ambako wenyeji wangali wakifanya matambiko, watafuta mali wamechimba. Mali hakuna, na tabaka za udongo ambazo waakiolojia wangezisoma zimevurugwa. Hilo lilinikera kuliko uvumi wenyewe.

Kilichonishika zaidi ni kwamba vita hiyo ilichukua mali badala ya kuiacha. Majeshi ya pande zote mbili yalipita Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, yakikusanya ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, mvua nazo zikagoma, ikaja njaa ya Mtunya iliyoua watu wengi mno. Mzee ukimtajia Mtunya, hata kama aliisikia kwa babu yake tu, haulizi unamaanisha nini. Kwa maisha ya Wagogo kwa jumla ninayemrudia ni Mathias Mnyampala, mtu wa hapahapa, aliyechapisha *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika* mwaka 1954. Ile hadithi kwamba jina Dodoma lilitokana na tembo aliyezama siigusi, imesimuliwa vya kutosha.

Sasa nasoma habari za misafara ya biashara ya kabla ya Mjerumani. Wengi tunadhani kila aliyebeba pembe za ndovu kupita Ugogo alikuwa mtumwa mwenye minyororo, kumbe wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliolipwa ujira, na watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kila msafara uliotaka njia na maji. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 na akanung'unika sana kuhusu hongo hiyo. Namsoma polepole, na kila anapolalamika nacheka.