Bango la uchaguzi halijabanduliwa? Wahi kulipiga picha

Wiki ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, kuta za mabweni hazionekani. Sura za wagombea ngazi hadi ngazi, ahadi za maji na intaneti, na mzaha wa kalamu ya wino mzito juu ya sura hizo hizo. Wiki inayofuata wafanya usafi wamepita na ndoo na kikwangulio, na hakuna nakala iliyobaki mahali popote. Tasnifu inatunzwa na maktaba, hotuba ya makamu mkuu wa chuo inatunzwa na ofisi yake. Bango, tiketi ya disko la kuwapokea mwaka wa kwanza, fulana ya mahafali, mchoro wa ukutani nyuma ya kafeteria: hivyo havina mwenyewe.

Kwa hiyo chuo kinachoanzisha hifadhi ya kidijitali kianzie huko, si kwenye hotuba. Hotuba itasubiri.

Tuanze na karatasi. Magazeti mengi ya wanafunzi ya miaka ya 1960 na 1970 yalipigwa kwa taipureta juu ya stensili, yaani karatasi ya nta, kisha yakazungushwa kwenye mashine ya kudurufu. Cheche, gazeti la wanafunzi wa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), lililoanza mwishoni mwa 1969 na kupigwa marufuku mwaka uliofuata, lilitoka kwa njia hiyo. Karatasi yake ni rahisi na ina asidi, hivyo inageuka rangi ya chai na kukatika kwenye mikunjo. Pini zimeota kutu. Usizivute: geuza ukurasa, inua miguu ya pini kwa kisu butu, kisha isukume itoke upande wa pili. Ukivuta, pini inatoka na kipande cha karatasi, na mara nyingi kipande hicho ndicho chenye tarehe. Glavu za pamba hazifai hapa kwa sababu vidole havihisi ukingo wa karatasi na matokeo yake ni kuchana. Mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri inatosha. Glavu za mpira ziwekee picha na negativu.

Skani kwa dpi 400 (nukta kwa inchi), rangi biti 24, hata kama ukurasa ni maandishi meusi matupu. Rangi ndiyo inayoonyesha muhuri wa maktaba, doa la chai, na alama ya penseli ya msomaji wa zamani. Nyuma ya kila ukurasa weka kadi nyeusi, maana wino wa stensili hupenya na bila kadi hiyo utasoma kurasa mbili kwa mkupuo. Zima kila kitu ambacho skana inataka "kukurekebishia". Programu za simu za kuskani ndizo mbaya zaidi: zinafanya karatasi iwe nyeupe pe na kufuta penseli yote. Ukurasa wa A4 kwa kipimo hicho ni TIFF (faili la picha lisilobanwa) ya takribani MB 46, hivyo toleo la kurasa 40 linakaribia GB 1.9. Panga diski kwa hesabu hiyo kabla ya kuanza, si baada ya kujaa. Msomaji wa mtandaoni atapewa JPEG au PDF ndogo. TIFF haiguswi tena.

Tesseract, programu inayogeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi, inasoma Kiswahili, lakini herufi za stensili zilizojaa wino huichanganya: "e", "o" na "a" zinakuwa kitu kimoja. Mpe mtu asahihishe angalau kichwa cha habari na majina ya waandishi. Mengine yanaweza kungoja.

Negativu za milimita 35 zitake dpi 3000 au zaidi, uishie kwenye picha ya takribani megapikseli 12. Kopo likinukia siki, filamu imeanza kuoza. Litenge na mengine leo hii, na liwe la kwanza kwenye foleni. Kaseti za tamasha na midahalo: safisha vichwa vya deki kwa spiriti safi, peleka mbele na kurudisha nyuma mara moja, rekodi faili la sauti la WAV, 96 kHz, biti 24. Saa moja ya stereo ni GB 2 na kidogo.

Michoro ya ukutani ndiyo inayochosha, na ndiyo inayopotea kwanza. Pwani ukuta unanyonya maji wakati wa masika, chumvi inatoka ndani ya plasta na kuisukuma rangi, inatoka kama maganda. Halafu kuna fundi rangi aliyeagizwa apake korido yote "cream" kabla ya ugeni.

Piga siku ya mawingu, au asubuhi kabla jua halijafika ukuta huo. Kamera iwe kwenye stendi, sambamba na ukuta, ISO 100, f/8, faili ghafi na si JPEG peke yake. Flashi ya mbele ikikutana na rangi ya mafuta inaacha doa jeupe katikati ya sura ya mtu. Kama ni ndani na giza, weka taa mbili, moja kila upande, kwa nyuzi 45. Lenzi pana ya simu inapinda kingo, kwa hiyo rudi nyuma na ukuze. Ukuta mrefu upigwe vipande vipande, kila kipande kikibeba theluthi ya kilichotangulia, ili programu iweze kuunganisha. Katika picha ya kwanza weka kadi ya rangi na rula ya mita moja. Bila kadi hiyo, miaka kumi baadaye hakuna atakayejua kama anga lile lilikuwa la buluu au limepauka tu.

Kisha sogea karibu: saini, nyufa, mahali benchi limesugua hadi rangi ya msingi kuonekana, jina la mpenzi lililokwaruzwa na ufunguo. Kisha rudi mbali upige korido nzima pamoja na mlango na bomba linalovuja. Mchoro uliokatwa mahali pake unapoteza nusu ya maana. Muulize mchoraji alitumia rangi gani na alipaka nini chini yake, uandike siku hiyo hiyo. Jambo ambalo vyuo hulisahau: kuwa na turubai au ukuta si kuwa na hakimiliki. Sheria ya Tanzania ya 1999 inamwachia msanii haki hadi miaka 50 baada ya kifo chake. Fomu ya ukurasa mmoja, iliyosainiwa kabla hajahitimu, inaokoa barua nyingi za baadaye.

Picha za WhatsApp zitakuja tu. Omba zitumwe kama dokumenti, maana zikitumwa kama picha zinabanwa na tarehe ya kamera inaondolewa. Faili linaloitwa IMG-20190412-WA0007 halisemi kwamba picha ilipigwa tarehe 12 Aprili. Linasema liliingia kwenye simu ya mtu siku hiyo. Watu wengi wameandika tarehe za uongo kwa kuliamini jina hilo.

Majina yenu ya faili yaanze na mwaka: 2024-11-18_bango_bweni3_001.tif. Pasiwe na nafasi wala alama ya ritifaa ya "ng'", seva nyingine huikataa.

Kwenye maelezo, vipengele 15 vya Dublin Core, orodha ya kimataifa ya maelezo ya faili (mwandishi, tarehe, mada na kadhalika), vinatosha, na kwa kweli nane tu ndivyo vitakavyojazwa. Nakili maneno ya bango kama yalivyo, na makosa yake. Lakini faharasa iwe na njia mbili. Bango linasema "bumu". Mtafiti wa kesho, au wa Nairobi, atatafuta "mkopo wa wanafunzi". Weka yote mawili. "Kudisko" iende na "kuondolewa chuo kwa kufeli", "madesa" yaende na "notisi za masomo". Lugha ya bweni hubadilika haraka kuliko maktaba inavyodhani, na orodha hii ya maneno inaweza kuwa ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote.

Si kila kilichohifadhiwa kifunguliwe. Mlimani kulikuwa na Punch, maandishi na vikatuni vya ukutani visivyo na jina la mwandishi, vilivyowaandama hasa wanafunzi wa kike. Mwaka 1990 mmoja wao alijiua. Karatasi za aina hiyo zitunzwe, kwa kuwa ni ushahidi, ila zifungwe, na jina la aliyeandamwa lisiingie kwenye faharasa ya kutafutia. Hata tangazo la "natafuta wa kushea naye chumba" lina namba ya simu ya mtu hai: ifiche kwenye nakala ya umma, iache kwenye asili. Tanzania ina sheria ya taarifa binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019.

Programu? Kama chuo tayari kina DSpace, programu ya kuhifadhi kazi za chuo mtandaoni, omba mkusanyo ndani yake, usijenge nyumba mpya. Kwa picha na maonyesho Omeka inapendeza zaidi na inaishi kwenye seva ndogo yenye PHP na MySQL. Nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja nje ya mji. Jengo kuu la Makerere liliungua Septemba 2020, maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town Aprili 2021. Flashi ya USB haihesabiki kuwa nakala. Tunza SHA-256 (namba ya utambulisho inayobadilika faili likibadilika) ya kila TIFF na ihakikiwe kila miezi sita, kwa sababu faili huharibika kimya kimya na nakala zenu zote zitairithi hitilafu hiyo.

Na lile bango la ukutani: likiwa na selotepu, usilibandue kwa kuvuta. Kata selotepu kwa wembe kando ya karatasi, acha kipande chake ukutani, uliweke bapa kati ya kadi mbili. Penseli laini, nyuma, pembeni: bweni, ghorofa, tarehe.