Kabla ya kuchimba kisima kingine, pima usiku

Mji ukikosa maji, wazo la kwanza huwa chanzo kipya: kisima kirefu, bwawa, mtambo mkubwa zaidi. Wakati mwingine ni kweli chanzo hakitoshi. Mara nyingi, hata hivyo, maji yameshavutwa, yametiwa dawa na umeme wake umelipiwa, kisha yanaishia ardhini au yanapita kwenye dira isiyoyahesabu. Mtandao wa namna hiyo ukiuongezea maji, presha inapanda na uvujaji unapanda nayo.

Anza na hesabu mbili: maji yaliyoingia kwenye mtandao na maji yaliyoandikiwa ankara. Tofauti yake ndiyo maji yasiyoleta mapato. Usikimbilie asilimia; hushuka yenyewe mteja mmoja mkubwa akiongeza matumizi, bila tobo hata moja kuzibwa. Gawa upotevu kwa idadi ya wateja. Mtandao wa wateja 4,000 unaoingiza uniti 2,400 kwa siku (uniti moja ni lita 1,000) na kuandikia ankara uniti 1,440 unapoteza uniti 960, yaani lita 240 kwa kila mteja kila siku. Na kama kuna mgao wa nusu siku, mabomba hayo yamevuja nusu siku tu. Yape maji mchana na usiku kwa presha ileile, sehemu inayovuja itakaribia maradufu.

Hesabu yote hiyo ni bure kama dira kubwa ya chanzo inadanganya. Dira ya mitambo kwa kawaida huhitaji bomba lililonyooka mbele yake kwa urefu wa mara 10 ya kipenyo, na mara 5 baada yake. Kwa bomba la mm 200 hiyo ni mita 2 na mita 1. Ikibanwa kati ya kona na valvu, itasoma vibaya tangu siku inapofungwa.

Kisha tenga eneo la wateja kati ya 500 na 3,000. Funga valvu za mpakani, bakiza mlango mmoja wenye dira. Kabla ya kupima, funga na huo mlango uangalie geji: presha isiposhuka hadi sifuri, kuna valvu inayopitisha maji au bomba ambalo halimo kwenye ramani (hilo la pili ni la kawaida kuliko watu wanavyokubali). Pima kati ya saa 8 na saa 10 usiku, watu wakiwa wamelala. Toa matumizi halali kama ya hospitali na viwanda, pamoja na kiasi kidogo cha nyumbani. Kinachobaki ni uvujaji. Baada ya hapo funga mtaa mmoja baada ya mwingine. Mtaa unaoshusha mtiririko kuliko inavyotarajiwa kwa idadi ya wateja wake ndiko pa kuchimba.

Tobo la mm 5 kwenye presha ya baa 3 hutoa takriban lita 17 kwa dakika, karibu uniti 25 kwa siku. Likijificha miezi 3 limemeza zaidi ya uniti 2,200. Bomba lililopasuka barabarani likitoa uniti 30 kwa saa, likazibwa baada ya saa 8, limepoteza 240. Hilo ndilo linalopigwa picha. Uvujaji mwingi uliojificha uko pale laini ya mteja inapounganishwa na bomba kuu. Kuufunga kwa mpira kunasaidia hadi usiku, presha inapopanda kwa sababu hakuna anayechota. Fimbo ya kusikilizia inafaa kwenye bomba la chuma; kwenye plastiki sauti hufa mapema, hivyo sikiliza kila dira na kila valvu.

Kupunguza presha ni dawa ya haraka. Kwa mtandao wa mabomba mchanganyiko, presha ikishuka kutoka baa 5 hadi 3.5, uvujaji hushuka kwa takriban asilimia 30, na mipasuko hupungua. Pima kwanza kwenye nyumba iliyo juu kabisa, saa za matumizi makubwa. Valvu ya kupunguzia iwekewe chujio, na chujio liwe na mtu wa kulisafisha, mchanga huikwamisha.

Upande wa dira za wateja, adui ni boya la tangi. Boya likikaribia kufunga, maji huingia polepole, na dira nyingi za mm 15 za daraja B la usahihi haziaminiki chini ya lita 30 kwa saa. Iliyofungwa kiupande hupunja zaidi.

Penye mgao, kipimo cha usiku hakisomeki kwa sababu matangi yanajazwa. Fungulia eneo lote kwa siku chache kwanza, na ufungue valvu taratibu: hewa huzungusha dira na maji ya ghafla hupasua mabomba. Bomba tupu nalo hunyonya uchafu kupitia matobo yaleyale, kwa hiyo pima klorini mwisho wa laini. Isipungue miligramu 0.2 kwa lita.

Kupandisha uniti 1 mita 100 kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 60 hula takriban kWh 0.45. Ukiokoa nusu ya zile uniti 960, umeokoa karibu kWh 216 kila siku. Ndiyo maana mkandarasi anaweza kulipwa kwa kila uniti iliyookolewa. Mkataba utaje presha na saa za huduma za siku ya kuanzia, la sivyo atafunga valvu mapema jioni na kudai malipo.