Maji ya Bristol

Kwa miaka 9 simu yangu na Baba haikuzidi dakika 3. Shikamoo, marahaba, umekula, baridi iko vipi, haya zungumza na mamako. Wengi wetu huku Uingereza tukipoa na wazazi twasingizia umbali. Umbali wangu mimi hauna kosa. Baba nami tuliachana tukiwa nyumba moja, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, twala sinia moja.

Baba ni mtu wa bahari. Kazi yake ilikuwa bandarini Kilindini, lakini roho yake ilikuwa kwenye mashua yake. Kila Jumamosi aliniamsha baada ya swala ya alfajiri tukakalafati, yaani tukaziba nyufa za mashua: pamba iliyolowa mafuta waisokota, waipachika kwenye ufa wa mbao, waigonga kwa chembeu, patasi ya kukalafatia, hadi ishike. Kisha chombo chapakwa sifa, na harufu ile ya mafuta ya papa haitoki mikononi hadi Jumatatu, darasani. Mimi nilitaka kompyuta. Nilipokuwa na miaka 14 nilimwambia, "Baba, haya mambo ya kizamani hayanihusu."

Hakunigombeza. Jumamosi iliyofuata hakuniamsha. Wala ile nyingine.

Nililala hadi saa tatu na nikafurahi. Furaha ile imenirudia mara nyingi nikiwa mtu mzima, na kila ikirudi huniuma zaidi. Mashua aliiuza mwaka 2019. Habari hizo nilipewa na Mama.

Sasa naishi Bristol, naandika programu za kuhesabu mizigo ya maghala. Machi iliyopita nilipita kando ya mto Avon, chini ya daraja la Clifton. Mchana palikuwa tope tupu, mto umebaki mfereji. Jioni nikirudi, maji yamejaa pomoni, na mwezi mpevu umetoka. Nikajikuta nasema peke yangu: bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Neno hilo sijui mara ya mwisho nililitamka lini. Nikampigia Baba.

"Mtoni maji hupwa?" akauliza.

"Bahari iko karibu, Baba. Pale Avonmouth, mto unapoingia ghubani, siku za bamvua maji kupwa na kujaa hupishana zaidi ya mita 12."

Akanyamaza. Kwetu Mombasa bamvua ni mita 3 na kitu. "Wapimia wapi, mwanangu?"

Nikamweleza kuwa ghuba ile ni pana upande wa Atlantiki, kisha yazidi kubana kila ikiingia bara, na maji yakikosa pa kutawanyika hupanda juu. Alishika upesi kuliko nilivyoshika mimi nilipokuwa nasoma. "Basi ni kinyume cha Kilindini," akasema. "Yetu yabana mlangoni, ndani kwafunguka. Yenu yafunguka mlangoni, yabana ndani." Kisha akataka kujua vyombo vikikaa topeni havivunjiki mbavu? Sikuwa na jibu. Nilikwenda kutafuta, nikamrudia kesho yake: vilikuwa vikiumia kweli, ndiyo maana mwaka 1809 walikamilisha bandari yenye malango, maji yakiingia yanafungiwa ndani.

"Wameyafungia maji mlango!" Alicheka mpaka akakohoa. Tulizungumza dakika 40 siku ile.

Sisemi yamekwisha. Kazi yangu bado haulizi, na nikimweleza nasikia kimya chake, kinanikata. Labda ndicho kimya alichokisikia yeye kwangu miaka yote ile. Lakini sasa kila mwezi ukiandama, na ukifika kumi na nne, mmoja wetu hupiga simu.

Juzi nilimwambia nakuja Desemba, wakati wa kaskazi, na kwamba nataka anifundishe kukalafati tena. Nilijua chombo hakipo. Nilisema tu.

"Mashua niliuza," akasema. "Chembeu ninayo. Iko chini ya kitanda changu."