Usiku wa hadithi wa kuchangia shule: tazama maji kwanza

Wazazi wanaopanga usiku wa hadithi hapa Amu (Lamu) hupenda mwezi mpevu. Uwanja wa Mkunguni unang'aa, ngome nyuma inapendeza, taa moja yatosha. Shida ni maji. Usiku wa mwezi kumi na nne ni bamvu, maji makuu: bahari hujaa alasiri, na mwendo wa saa nne usiku imekupwa kabisa, saa ile ile wazazi wa Matondoni na Kipungani wanapotaka kurudi kwao. Mashua hukwama, watoto husinzia gatini.

Chagueni usiku wa saba au wa nane tangu mwezi kuandama. Ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, hujaa mwendo wa saa nne usiku, na mwezi hauchwi mpaka karibu usiku wa manane. Anzeni baada ya Isha, saa mbili, na saa tatu na nusu watu wawe wameruhusiwa. Miezi ya masika iacheni.

Barua ya uwanja na kibali cha kuchangisha vianzie kwa mwalimu mkuu na bodi ya shule, kisha kwa chifu. Mzazi mmoja akienda peke yake, huonekana kama anajichangishia.

Wasimulizi watatu, dakika 20 kila mmoja. Sungura na Fisi kwanza, kwa sababu wadogo watalala. Abunuwasi katikati. Fumo Liyongo mwisho, wazee humngoja. Mama yake Liyongo anapoficha tupa ya kukatia chuma ndani ya mkate wa wishwa (pumba), na walinzi wanakula mikate mizuri na kumwachia Liyongo kifungoni ule mbovu, wapeni watoto sinia na vijiko wapige: ndiyo kelele ya ngoma ya gungu inayofunika sauti ya tupa kwenye minyororo. Hapo ndipo kamati nyingi huharibu kwa kupitisha kikapu, eti watu wamechangamka. Msimulizi akikatizwa pale, hadithi imekufa.

Kikapu kipite baada ya hadithi ya kwanza. Wenye watoto wachanga huondoka wakati huo, na ndio watoaji wazuri. Mheshimiwa akitaka kusema, apewe dakika tano kabla ya "Paukwa". Mwishoni hamalizi.

Kiingilio msitoze, mtoto asizuiwe kwa shilingi 20. Fedha itoke kwenye kahawa na vitafunio. Kwa watu 120, finjani mbili kila mtu, pikeni lita 15 za kahawa ya tangawizi. Kilo moja ya unga hutoa mahamri kama 30, kwa hiyo kilo nane zatosha mawili kwa kila mtu. Kashata zikatwe na kufungwa mapema, maana unyevunyevu wa usiku huzifanya zinate. Tafuteni chenji ya sarafu za 10 na 20 kabla ya jioni. Noti ya 1,000 kwa hamri moja husimamisha foleni nzima.

Michango ya M-Pesa iingie akaunti ya shule moja kwa moja, isipitie simu ya mweka hazina, hata awe mcha Mungu namna gani. Fedha yake ikichanganyika na ya shule, hakuna hesabu itakayoaminika. Taslimu ihesabiwe na watu wawili wasio jamaa, papo hapo, waandike na kutia sahihi. Jumatatu karatasi ibandikwe kwenye ubao wa shule: mapato, nauli za wasimulizi, unga, sukari, tangawizi, na kilichobaki.