Risasi ya kwanza ilivyonisumbua

Nina bastola ya Ceska, CZ 75 BD, kwa leseni, kwa sababu ya pesa za duka ninazosafiri nazo kutoka soko la Kongowea, Mombasa. Kwa miaka miwili risasi yangu ya kwanza ilikuwa ikienda chini kushoto, zinazofuata zinakaa pazuri. Niliilaumu bastola.

Nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga ili risasi ilipuke, ikiwa imeshushwa, triga huikokota nyuma kwanza ndipo iiachie. Risasi ikishatoka, nyundo hubaki imesimama na triga inakuwa nyepesi. Nilitaka kujua tofauti yenyewe, nikaazima mizani ya kutungika kwa muuza samaki. Nikahakikisha mara mbili bastola haina kitu, ndoana nikaitia kwenye triga, nikavuta polepole. Nyundo ikiwa imeshushwa: kilo 6. Ikiwa imesimama: kilo 2.

Fundi mwenye kibali akaifungua. Huku Pwani hewa ya chumvi haisamehe chuma. Ndani grisi ilikuwa imechanganyika na vumbi, imeganda kama halua. Baada ya kusafishwa, mshale wa mizani ulisimama kwenye kilo 5 kwa mvuto ule mzito. Nikamwomba apunguze springi ya nyundo. Akakataa, nami namshukuru hadi leo: nyundo ikigonga kwa unyonge, risasi inaweza kukataa kulipuka siku unayoihitaji.

Kilichobaki ni kidole changu. Mzee anayetufundisha shabaha alinitazama mara moja tu: "Mwanangu, wewe hufyatui, wavuta nanga." Nilikuwa nasita katikati, kisha nanyakua pale shabaha inapokaa sawa. Akanitaka niingize kidole zaidi, hadi karibu na kiungo cha kwanza, na mvuto uwe mmoja tu, bila kituo.

Nyumbani, kila usiku baada ya isha, risasi zote naziacha chumba kingine. Ndani ya bastola natia risasi bandia, maana kuipiga kavu, yaani bila kitu ndani, mara nyingi kunaweza kuvunja kipini kinachoshika sindano inayopiga risasi. Naielekeza kwenye ukuta wa mawe, naweka sarafu ya shilingi moja juu yake, nyuma ya kilengeo cha mbele, navuta. Wiki ya kwanza sarafu ilianguka karibu kila mara. Nilikuwa nikiisikia ikilia sakafuni hata nikiwa usingizini. Wiki ya tano ikatulia.

Mwezi uliopita nilipiga risasi 10 kwa mita 7, nyundo nikiishusha kila baada ya risasi. Tisa ziliingia kwenye duara la ukubwa wa kisahani cha chai. Ya kumi niliiharakisha, ikaenda chini kushoto.